Kumvusha Mama Matopeni

Nyumbani kwetu Salale boti hufika hadi ukingoni siku za bamvua tu, maji yanapojaa sana. Maji yakiwa mafu, yaani yasipojaa vya kutosha, boti hubaki mbali mkondoni, na kati yake na nchi kavu kuna matope yanayomeza mguu hadi gotini. Mtu mwenye nguvu zake huvuka akinung'unika. Mama yangu alikuwa na miguu dhaifu na mtoto wa jicho macho yote mawili, hivyo hakuweza kuvuka isipokuwa abebwe.

Madaktari wa macho walipotangazwa kuja Kibiti, ninakoishi, nilifunga duka langu la vipuri vya pikipiki nikaenda kumchukua. Wiki yao iliangukia maji mafu. Mtumbwi haukupita kwenye mizizi ya mikoko, kwa hiyo nilimbeba mikononi. Sikufika hata nusu. Goti lilizama, mgongo ukakataa, nikamrudisha ukingoni sote tumetapakaa matope. Nahodha wa boti, kijana wa mabega mapana, alimwomba mama ruhusa kwa adabu ambebe yeye, akasema yeye ni mjukuu wake tu.

"Mjukuu wangu wa lini?" mama alimuuliza. "Nitabebwa na wanaume wa watu siku ya jeneza. Leo bado."

Boti iliondoka bila sisi.

Sikumlaumu. Mtoto wake wa kiume ni mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameshindwa. Madaktari walisema watarudi baada ya mavuno ya mpunga. Kabla ya hapo mimi, mtu wa kukaa kwenye kigoda nikipanga spoku na mipira, nilipaswa kupata miguu ya kumvusha. Nisipoipata, angebaki gizani.

Nilianza vibaya. Kila alfajiri baada ya sala nilichuchumaa na kuinuka hadi mapaja yakatetemeka. Muda si mrefu nikawa siwezi kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta, na mke wangu akaniuliza kama nafanya mazoezi au natumikia adhabu. Ndipo nilipoanza kusoma kwenye simu, polepole, nikirudia kila nisichoelewa, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Nilichokipata ni kifupi. Misuli haijengwi na wingi wa siku. Hujengwa na mzigo unaokaribia kukushinda, kisha mapumziko ya kutosha, kisha mzigo ulioongezwa kidogo.

Nikabakiza Jumanne na Jumamosi, dakika ishirini hivi kabla ya kufungua duka. Duka halikuniruhusu zaidi, na mwili haukudai zaidi. Nilijaza mchanga kwenye kiroba cha sembe. Nilikiinua kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Nilikiweka mabegani nikachuchumaa na kuinuka. Nilipanda nacho juu ya matofali kwa mguu mmoja mmoja, kwa sababu matopeni mtu husimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukichomolewa. Nilirudia mara chache, nikaacha kabla nguvu haijaisha kabisa. Uzito ukizoeleka, niliongeza mchanga bakuli moja.

Siku mchanga ulipofikia uzito niliokadiria kuwa wa mama, nilimwita mke wangu aone. Alinitazama akiwa ameshika ufagio.

"Baba watoto, mama si gunia," alisema. "Gunia halikohoi. Wala halikukabi koo."

Akauweka ufagio chini, akajifunga kanga vizuri, akaniambia niiname. Alipopanda mgongoni nilikwenda hatua chache nikaegemea ukuta. Uzito niliuweza. Kilichonishinda ni kuyumba kwake, naye alikuwa akiyumba makusudi huku akinisimulia bei ya dagaa sikioni. Kuanzia hapo mzigo wa Jumamosi ukawa yeye. Jirani alitusikia nyuma ya ua wa makuti tukihema na kucheka, akamuuliza mke wangu sokoni kama kwetu kuna harusi. Alimjibu kuwa kuna mashindano.

Madaktari walirudi, na maji yalikuwa mafu tena. Nilichuchumaa ukingoni, mama akanishika mabega, nikainuka naye. Sikuharakisha. Nilichomoa mguu, nikausimika, nikauhamishia uzito, nikachomoa wa pili. Katikati alikohoa, akanikaba shingo, tukaelemea kushoto. Mguu ulishika.

"Umebeba mtu," alinikumbusha.

Nilimketisha kwenye ubao wa boti, buibui lake limelowa pindo tu. Nahodha yule yule alimwamkia, naye safari hii akaitikia kwa furaha.

Jicho la kulia ndilo lililotangulia kufanyiwa upasuaji. Walipoondoa bendeji, alinitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mvi hizi zote za lini?" Nikamwambia ni za siku nyingi. Akasema miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu kuwa mwanawe bado kijana.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari wale nisiowajua majina, na mke wangu aliyekubali kuwa mzigo. Nashukuru pia kwamba nguvu haikunidai muda ambao sikuwa nao.

Tuliporudi Salale, maji yalikuwa bado hayajafika ukingoni. Mama aliyakagua matope kutoka kwenye boti kama mtu anayekagua shamba lake, kisha akapanda mgongoni.

"Pita kulia," alisema. "Hapo mbele pana mzizi."