Nesi Aliyevuka Mpaka

Nakumbuka siku moja ya gulio, mwanangu, nikiwa muuguzi kijana kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha tambarare, chini ya milima yetu, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Myamba, kule milimani kwenye baridi, mwaka uleule na joto la huko lilikuwa bado linanisumbua. Nakusimulia haya kwa sababu wiki ijayo unaripoti kazini mpakani. Chuoni umefundishwa magonjwa; watu utawakuta hukohuko.

Asubuhi ile mwanamke wa makamo aliegemeza baiskeli ukutani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akajitambulisha kuwa ni Mghoi, nesi wa kituo cha afya cha ng'ambo, upande wa Kenya. Nikamkaribisha maji, akasema atakunywa baadaye. Kilichomleta ni Hamisi, mchuuzi wetu wa samaki wakavu, aliyekuwa akivuka kila mara kufuata wateja. Alikuwa amefariki alfajiri mikononi mwake, kwa kipindupindu. Kabla hajaishiwa nguvu alimwambia Mghoi kwamba alilala kwa dada yake Zubeda, huku kwetu, tumbo likiwa limeshaanza kumsumbua.

Tulikwenda kwanza kwa Zubeda. Tulimkuta amelala chini, macho yameingia ndani, mtoto wake akitambaa pembeni. Nilimtundikia dripu, na Mghoi akamwelekeza jirani namna ya kumnywesha maji ya chumvi na sukari. Ndipo tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya aseme haraka. Alisema ugonjwa umetoka Kenya, basi ubaki Kenya, na kwamba ataweka mgambo kwenye njia mtu yeyote asipite. Mghoi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mzee," akasema, "mimi nimekuja mchana kweupe, kwa njia inayojulikana. Ukiifunga, watu watapita vichakani. Hapo si mimi wala huyu binti yako wa zahanati atakayejua nani mgonjwa."

Mwenyekiti akauliza tunataka afanye nini. Tukamwomba aiache njia wazi na awatangazie watu wachemshe maji ya kunywa.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Mama yake Hamisi, Bi Mwanaidi, alikuwa ameshapata habari, na ndugu walikuwa wanatafuta gari la kuleta maiti nyumbani, wamwoshe wenyewe, wamzike karibu na baba yake, na chakula cha msiba kipikwe kwa watu wote. Sote wawili tulijua kwamba msiba wa namna hiyo ungesambaza ugonjwa kijiji kizima.

Tulimkuta mama huyo ameketi mkekani. Tukampa shikamoo, akaitikia. Mghoi aliketi karibu yake akamweleza jinsi mwanawe alivyokufa, kwamba hakuwa peke yake, na kwamba alimtaja mama yake. Baada ya hapo tu ndipo alipomwambia kuwa mwili bado una ugonjwa, na kwamba wapo Waislamu wenzao kule wanaojua kumwosha kwa dawa na kumzika inavyotakiwa. Kaka mmoja wa marehemu akauliza kwa ukali ni nani aliyempa Mkenya ruhusa ya kuamua msiba wao. Bi Mwanaidi akainua mkono.

"Aoshwe hukohuko," akasema. "Lakini nitakwenda kumwona mwanangu, na huyu aliyemuuguza ndiye atakayenishika mkono."

Ikawa hivyo. Mwenyekiti mwenyewe alituongoza njiani. Bi Mwanaidi alisimama mbali kidogo, akauona uso wa mwanawe, akalia bila sauti, Mghoi akiwa amemshika. Hakuna aliyepika chakula cha msiba.

Zubeda alipona. Dripu zangu zilikwisha, na zilizomalizia kumtibu zilitoka kwenye stoo ya ng'ambo. Mzee mmoja jirani yake hakupona. Alijificha ndani akiogopa kutengwa, tukamfikia tumechelewa. Tangu hapo kila gulio tulikutana na Mghoi: yeye akinieleza wagonjwa wake, mimi wangu, tukitia dawa kwenye visima vya pande zote mbili kwa wakati mmoja. Wakubwa wa wilaya zetu walikuja kukaa pamoja baadaye, na ilikuwa vizuri, lakini sisi tulikuwa tumeshaanza.

Basi mwanangu, leo mna simu na vipima joto, na nchi hizi mbili zimeelewana mengi. Hata hivyo, ukifika, mtafute mwenzako wa upande wa pili kabla hamjapata mgonjwa. Mjue jina, ajue lako. Ukiwa na habari mbaya mpelekee mapema, hata kama itakuaibisha. Na mfiwa usimwendee na amri. Keti naye kwanza. Mungu akulinde wewe na kila utakayemgusa, huku na kule, na jioni akurudishe kwako ukiwa mzima.