Kifungo Juu ya Jicho la Ng'ombe

Aliyeharibu jicho la kushoto la ng'ombe wa mama ni mimi, na afadhali niseme mwenyewe. Nilikuwa nimetoka Uvira, kwangu mtaa wa Kasenga ninakoshona nguo, kwenda kumwona mama Luvungi, nikakuta jicho linatoa machozi. Nikafanya alivyofanya marehemu baba na kila mfugaji niliyemjua utotoni: nikatafuna chumvi, nikamshika ng'ombe pembe, nikamtemea jichoni. Kisha nikapanda pikipiki kurudi kwenye cherehani yangu, nikijiona binti mwema.

Wiki moja baadaye mama alinipigia simu. Jicho limekuwa jeupe kama ugali, na amekwisha kuongea na mchinjaji. Sikumlaumu. Shamba lake la mpunga limezungukwa na mifereji, na ng'ombe asiyeona upande mmoja hutumbukia. Lakini tangu baba afariki, huyo ng'ombe ndiye mama alikuwa anaongea naye kila asubuhi kabla majirani hawajaamka. Nililia juu ya suruali ya mteja.

Mteja huyohuyo ndiye aliyeniokoa. Mbwa wake alitibiwa na daktari mmoja wa wanyama, mwanamke wa Bukavu aliyesomea macho tu, ambaye hupita Luvungi anaposhuka Uvira. Nilicheka. Ni watu wangapi hapa kwetu hawajawahi kuonwa na daktari wa macho, sembuse ng'ombe? Nilipomaliza kucheka nikaomba namba.

Siku alipokuja, mama alikaa kwenye kigoda, ameshika tama. Daktari alimulika jicho kwa taa ndogo, akatia matone ya rangi ya machungwa, na penye kidonda pakang'aa kijani. Baada ya muda kijani hicho kikaanza kuchuruzika puani.

"Dokta, bongo iko inatoka," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana, Mama. Ni njia ya machozi. Iko wazi, ni muzuri."

Kisha akatia dawa ya ganzi, akainua kope ya ndani, ile ya tatu waliyo nayo ng'ombe, akachomoa kapi la mpunga. Moja tu, dogo, la yale majani makavu ambayo mama humlisha kila baada ya mavuno. Nilianza kushusha pumzi, lakini daktari alikuwa hajamaliza.

"Kapi ilikwaruza," alisema. "Lakini hapa pembeni paliunguzwa. Nani aliweka chumvi?"

Mama akageuka kuangalia milima. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ni minye," nikasema. "Baba njo alikuwa anafanyaka vile."

"Na weye unafanyaka kazi gani?"

"Nashonaka nguo."

"Basi nipe kifungo."

Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka kuivuta kope ya ndani ifunike kidonda kama bandeji, aishone, na kifungo kizuie uzi usikate ngozi. Nilimpa kikubwa cha koti, cheupe, chenye matundu manne. Alishona vizuri, na mimi si mwepesi wa kusifu mshono wa mtu mwingine. Akamwachia mama dawa, akasema atarudi baada ya wiki mbili, na kwamba mchinjaji asubiri.

Wiki hizo mbili watu walipita kumwangalia ng'ombe aliyevaa kifungo. Walimuuliza mama kola na mikono vinakuja lini. Yeye alijibu kila utani. Mimi nilikosa hamu ya kula.

Siku ya kukata uzi nilikuwepo. Jicho lilifunguka, lina kovu jembamba, na pembeni mwa kovu lilikuwa jeusi tena, linang'aa. Lakini jicho zuri si lazima liwe linaona. Daktari akaniambia nimsogelee ng'ombe upande wa kushoto, polepole, kimya, kisha nimnyooshee mkono usoni. Kama anaona, atapepesa.

Hakupepesa tu. Aliniona, akanitambua, akarudi nyuma hatua tatu mpaka akagonga uzio.

Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. Nami nilibaki nimesimama pale, mkono umenyooka, machozi yananitiririka, nikimshukuru Mungu kwamba ng'ombe yule ananiogopa.