Kondo Bila Mtoto

Mwezi wa tatu wa mimba yangu ya kwanza, tumbo lilikuwa kama la miezi sita, nami nilikuwa nanuka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilitapika asubuhi, nikatapika mchana, nikatembea na mkebe wa kutemea mate hata kiwandani Athi River, tulikokuwa tukishona suruali za kupelekwa ng'ambo. Mate yalikuwa mazito na machungu, na kila nilipofungua kifuniko nilitapika tena kwa kuyaona.

"Wewe umebeba timu nzima ama?" wenzangu walinicheka. "Ukizaa, utuwekee kipa."

Tulikuwa tumepanga chumba Kitengela, karibu na machinjio. Upepo ukigeuka, harufu ya utumbo iliingia mpaka kwenye blanketi. Mama mkwe alikuja kutoka Ukambani kunisaidia. Alikuwa mjane, na kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba mkwe, kwa hiyo nyanya humwita mume wake. Yeye hakungoja azaliwe. Kila asubuhi aliweka kiganja kwenye tumbo langu na kusema, "Mume wangu, umeamkaje? Usimsumbue mama."

Kiganja kilinuka kitunguu. Nilimpenda yule mama, lakini nilitamani kuusukuma mkono wake. Kilichokuwa ndani yangu sikukihisi kama mtoto. Nilikihisi kama chakula kilichoharibika. Sikumwambia mtu.

Kisha nikaanza kutokwa na damu nyeusi, kama maji ya maharagwe. Mume wangu alikuwa kazini, basi mama mkwe akanipeleka hospitali moja ya Kajiado. Walinipiga picha ya tumbo, wakanisafisha kizazi siku hiyo hiyo.

Kesho yake nikamwuliza muuguzi, "Sista, alikuwa msichana ama mvulana?"

Akaketi kwenye kitanda changu. Akanieleza kwamba mimba ikishajishika kwenye ukuta wa kizazi, hutoa vijizizi vya kunyonya damu ya mama. Sehemu moja inakuwa kondo la nyuma, sehemu nyingine mtoto. "Yako ilitoa mizizi peke yake. Kondo likaota, likavimba, likajaza tumbo."

"Na mtoto alikufa lini?" mama mkwe akauliza.

"Hakuwako, mama. Tangu mwanzo."

Niliomba kuona. Ndani ya chupa ya plastiki mlikuwa na vifuko vidogo vya maji, vingi, vimeshikana kama mayai ya chura, vikielea kwenye damu. Nilitafuta kidole. Nilitafuta hata jicho. Halafu nikatapikia shuka.

Mama mkwe naye alitazama kwa muda mrefu. Akajifuta kiganja kwenye leso, akakifuta tena.

"Sasa nimekuwa nikimsalimia nani?"

Akamgeukia muuguzi. "Basi tupeni tukazike. Kwetu kondo halitupwi. Nitalizika karibu na mzee."

Muuguzi akasema daktari anataka lipelekwe maabara, kwa sababu vitu kama hivi vinaweza kubakisha mizizi na kugeuka ugonjwa mbaya. Kisha akaniangalia mimi. "Lakini ni lako. Wewe ndiye wa kusema."

"Mwanangu, usiniaibishe," mama mkwe akaniambia kwa sauti ya chini. "Hata kama ni uchafu, ni uchafu wa kwetu."

Nilitaka kaburi. Kaburini mtu anaweza kulia na watu wakamwelewa. Lakini niliwaza vile vifuko vikilala kando ya mzee, majirani wamevua kofia, nami nimesimama pale nikijua kwamba tumefukia matapishi.

"Pelekeni maabara," nikasema.

Mama mkwe akachukua kikapu chake, akaenda kukaa kwenye benchi la nje bila kuniangalia. Muuguzi akakaza kifuniko, akabandika karatasi kwenye chupa na kuandika jina langu. Langu tu, kwa kuwa hakukuwa na lingine la kuandika. Hapo ndipo nilipolia.