Ukoga wa Pipa la Nne

Nzembi hakuzoea kutupa kitu. Alilelewa Wamunyu, ambako mvua hupita kama mheshimiwa, kwa kasi na madirisha yamefungwa, na hata majivu ya jikoni yana kazi shambani. Basi mwaka wa 2003, alipopata kibarua kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu huko Athi River, roho ilimuuma. Kazi yake ilikuwa kuchota ukoga, ule utando wa kijani unaoota majini, kutoka mapipa ya maji machafu, kuuanika, kisha kuufungia stoo. Mbolea nzima, stoo! Aliambiwa usitoke nje ya geti. Akadhani ni ule uchoyo wa viwanda, vinavyokukataza hata msumari uliopinda.

Akabeba kidogo kwa mfuko wa unga. Halafu kidogo tena. Wiki sita.

Sukuma wiki aliyoiwekea nyuma ya nyumba ikanawiri, majani kama sahani. Kamene, bintiye mwenye mimba ya miezi mitano, akawa hataki mboga nyingine.

Jumanne moja Titus, kijana wa maabara mwenye maneno mengi kuliko vyeti, alimletea chupa ya maji.

"Mama Kamene, ona pipa la nne lilivyotakata. Ukoga umemaliza kazi."

"Kwa hivyo ile sumu ya majini imekufa?"

"Risasi ya betri haifi, mama, hii si malaria. Ilikuwa kwa maji, sasa iko kwa ukoga. Ndiyo maana tunaufungia."

Mikono ya Nzembi ikasimama. "Na mbuzi akiula?"

"Atakuwa betri yenye pembe."

"Na mtu akila mboga iliyowekwa huo ukoga?"

"Mtoto ndiye huumia zaidi, hata wa tumboni. Akili haikui vizuri. Lakini nani anaweza kufanya ujinga kama huo?"

Nzembi alicheka, maana kunyamaza kungemshtaki.

Alipofika nyumbani, Kamene alikuwa amemfunikia sahani. Nzembi aliimwaga chooni, sufuria ikafuata, kisha akang'oa sukuma yote huku akifukuza kuku kwa teke.

"Mwaitu, mama yangu, una nini?" Kamene akauliza. "Nitakula nini sasa?"

Nzembi alikuwa akihesabu wiki, akizipunguza, na kila mara zinarudi sita. Bila kupima hatajua. Kupima ni kusema. Kusema ni kufutwa kazi, na mtoto anakuja Novemba.

Asubuhi alimwambia Kamene avae viatu. Njiani akamweleza yote, macho yakiwa barabarani. Kamene alishika tumbo, akaongeza mwendo mpaka getini.

Nzembi aliweka majani mawili ya ile sukuma mbele ya Titus. "Pima."

"Yametoka wapi?"

"Kwangu. Na huyu ndiye amekuwa akiyala."

Titus alimtazama Kamene, akatazama tumbo. Mzaha ulimwisha.

"Lazima damu yake ipimwe hospitali leo. Na mkubwa ataniuliza ukoga ulitokaje getini."

"Mwambie," Nzembi akasema, akamsogezea bintiye kiti.