Tao Lililolala Uani kwa Sirili

Ukungu bado umeing'ang'ania migomba ya Kilema, mlimani Kilimanjaro, na Sirili Januari anatembea pekupeku kando ya tao lake. Tao lenyewe halijasimama. Limelala uani, kwenye nyasi zenye umande, mawe yamepangwa moja baada ya jingine kama upinde wa mvua ulioshuka kupumzika. Anainama, anagusa jiwe la katikati, anafanya ishara ya msalaba, kisha anasogea kwenye linalofuata.

"Ndivyo anavyosali siku hizi," anasema mkewe, Digna, akipuliza moto jikoni. "Wenzake wana rozari, yeye ana mawe."

Sirili anacheka. Ni fundi mwashi, umri wake miaka hamsini na miwili, na mkono wake umo katika misingi ya nyumba nyingi za mlima huu. Mwezi mzuri humpatia shilingi mia mbili. Mwezi wa mvua humpatia ndizi na shukrani.

Mawe haya hakuna aliyemtuma kuyachonga. Ni ya mfongo, ule mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka msituni. Mfongo ukifika kwenye korongo lililo nyuma ya kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, maji huvushwa kwa gogo lililochongwa kama hori la ng'ombe. Kila masika mafuriko huja na kulibeba gogo hilo, na nyumba saba za chini hukaa kiangazi kizima bila maji.

Mwaka huu, 1976, gogo limekwenda tena. Wiki iliyopita Hilaria, shangazi yake Sirili, mjane anayeishi peke yake, aliteleza korongoni na debe la maji kichwani. Akavunjika mkono.

Tao la mawe lingeyabeba maji mgongoni, mafuriko yakapita chini yake. Mguu mmoja wa tao uko tayari upande wa Sirili. Mguu wa pili lazima ukanyage ng'ambo, kwenye kihamba cha kaka yake, Kornel. Na Kornel hajaitikia shikamoo ya mdogo wake tangu mwaka jana.

"Namwamkia, anatazama kahawa yake," anasema Sirili taratibu. "Naondoka."

Chanzo chake ni safari. Mwaka jana ulikuwa Mwaka Mtakatifu, na Wakristo wa hapa walichanga kahawa ili mmoja wao aende kuhiji Roma pamoja na mahujaji wengine. Walisali, wakapiga kura, ikamwangukia Sirili. Mtu ambaye hakuwahi kufika hata Tanga alipanda ndege.

Katika ukoo wao, anayetoka safari ya mbali haingii popote kabla ya kupita kwa mkubwa wa ukoo. Baba yao alishafariki, kwa hiyo mkubwa ni Kornel. Siku ya kurudi kwa mdogo wake, Kornel alipika mbege, pombe ya ndizi, akavaa koti lake la Pasaka, akaketi langoni.

Sirili alishuka kwenye gari Himo, akapanda mlima kwa miguu na mkoba wake begani. Miguu ikampeleka korongoni.

"Kichwa changu kilikuwa bado kule," anakumbuka. "Nilikuwa naona matao tu. Nikajiambia, nipime kidogo kwa kamba, kisha nikamwone kaka. Nilipoinua uso, jua limezama."

Kornel aliimwaga mbege yote kwenye shina la mgomba.

Sirili akaenda kuungama parokiani, akasamehewa na Mungu, akamtuma katekista ampelekee kaka yake habari hizo njema. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: "Amekosea langoni kwangu, akaomba msamaha parokiani. Mwambieni lango langu halijahama."

Maneno hayo yalimchoma. Badala ya kwenda, akachukua nyundo na patasi. Mwaka mzima akawa anachonga.

"Nilidhani akiliona tao lilivyo zuri, atalainika," anasema.

Jumapili iliyopita Hilaria alifika uani, mkono umefungwa bendeji, akayatazama yale mawe kwa muda mrefu. "Wewe Sirili," alisema, "umevuka bahari, leo kakorongo haka kamekushinda? Hayo mawe yamekukosea nini hata uyapige hivyo kila siku? Kata isale, mwanangu."

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaotenganisha kihamba na kihamba. Kwa Wachagga, anayekuja na jani lake mkononi anaomba msamaha, na kumfukuza mtu huyo ni jambo zito.

Ndiyo maana asubuhi hii Sirili, akimaliza kuyagusa mawe yake yote, ananawa mikono. Anakwenda mpakani, anakata jani moja, analifunga fundo. Midomo yake inacheza. Huenda ni Baba Yetu, huenda ni hotuba aliyojitungia.

Kornel yuko uani kwake, anageuza kahawa kwenye kichanja. Ni mtu mrefu, mvi zimemjaa, na hageuki.

"Shikamoo, kaka."

Kahawa inakwaruza kichanja. Jogoo anawika. Sirili anapiga goti langoni, palepale palipokuwa na kigoda cha Kornel mwaka jana, na kunyoosha jani kwa mikono miwili. Hotuba imempotea.

"Nilikupita, kaka. Nisamehe."

Kornel anakuja polepole, anaifuta mikono yake kwenye suruali. "Hilo isale umelikata wapi?"

"Mpakani."

"Upande wako au upande wangu?"

"Wangu, kaka."

"Umefanya vizuri. Ungekata la kwangu, ningekudai jingine." Analipokea. Analigeuzageuza, na sauti yake inabadilika. "Marahaba. Inuka, utapata baridi ya magoti."

Kisha anavuta vigoda viwili. "Sasa nisimulie. Anza pale ndege ilipoinuka. Mlima mzima umeisikia Roma isipokuwa mimi. Hata vilabuni wakianza, nilikuwa natoka nje."

Sirili anafumba macho, na kwa muda Kilema haipo. Anasimulia kanisa kubwa ambalo sauti ya mtu hupanda na kupotea juu kama moshi. Anasimulia dari zilizochorwa watakatifu wengi, hata shingo ikamuuma kwa kutazama. Anasimulia sanamu ya shaba ya Mtakatifu Petro, ambayo mguu wake umelika kwa kuguswa na kubusiwa.

"Shaba ikalika kwa midomo?" Kornel anauliza.

"Imelika, kaka. Vidole havionekani tena. Nami niliugusa, nikaona baridi, kisha nikaona joto."

Anasimulia Mama wa marumaru amempakata Mwanawe aliyekufa. "Lile ni jiwe, kaka, mimi nayajua mawe. Lakini nguo yake imekunjamana kama kanga ya mama siku tuliyomzika Januari mdogo. Nililia, Wazungu wakanipisha."

Kornel anainamisha kichwa. Wote wawili wanafanya ishara ya msalaba kwa ajili ya ndugu yao aliyekufa mtoto.

"Na kila uwanja una chemchemi," Sirili anaendelea. "Maji yanaruka, yanamwagika usiku na mchana."

"Bila kufungwa? Na mwenye zamu ya maji yuko wapi?"

"Ndivyo nilivyomwuliza Padre aliyetuongoza! Akacheka mpaka akakohoa."

Kornel naye anacheka, cheko la kwanza ambalo uani huu umelisikia kati yao kwa mwaka mzima. Hapo ndipo Sirili anapofika kwenye mashamba nje ya mji, penye matao marefu yaliyochakaa, kondoo wanakula majani chini yake. Yalijengwa zamani sana ili yapeleke maji mjini. Mawe yameegemeana tu, anasema, kama watu wawili waliochoka, na hakuna anayeanguka.

"Walikuwa na mfongo," Kornel anasema.

"Mfongo, kaka. Huo huo."

Kornel anaweka isale juu ya mlango wake. Kisha anachukua jembe na kutelemka korongoni bila kuaga, mdogo wake nyuma yake. Anapiga ardhi hapa, anapiga pale, mpaka jembe linalia.

"Hapa pana mwamba. Mguu wako uweke hapa, usiuweke pale ulipopima usiku kama mwizi."

Wanachimba hadi jua linautoboa ukungu. Sirili anatumaini, Mungu akipenda, kuliinua tao kutoka kwenye nyasi kabla ya mvua za vuli, ili Krismasi maji yapite juu yake mpaka kwa Hilaria na nyumba nyingine za chini.

Digna anamtania kwamba siku hiyo hatalala nyumbani, atakesha korongoni kuyatazama maji.

"Nitayatazama," anasema Sirili. "Lakini kwanza nitapita kwa kaka."