Wawili wa Woodley

Mama yangu aliitwa wa Woodley, na tangu nipate akili ya kukumbuka mambo alikuwa akiishi Satellite, mtaa mwingine kabisa wa Nairobi. Sikuwahi kuona ajabu. Kwetu mtu huitwa kwa mahali, na mahali penyewe ni pale alipokuwa siku jamaa walipoanza kuhitaji kumtofautisha na mwingine. Akihama, anahama na jina lake, kama vile watu huhama na jiko la zamani ambalo hakuna anayelitumia tena.

Na haja ya kutofautisha ilikuwepo. Babu alikuwa na wake wawili. Desturi yetu ni kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, na kila mke alizaa binti wake wa kwanza, kwa hiyo mabinti wote wawili wakapewa jina la nyanya yule yule. Kisha mwalimu wa dini aliyewaandaa kwa ubatizo alikuwa na jina moja la Kikristo alilolipenda kuliko mengine yote, akawagawia wote wawili. La tatu likawa la baba yao, ambaye ni mmoja. Hapo ndipo tulipofikia: wanawake wawili, kila mmoja na majina matatu, na yote matatu yakifanana.

Mama akaolewa na mfanyakazi wa baraza la jiji, wakapata nyumba Woodley. Basi, akawa wa Woodley. Dada yake, ambaye sisi watoto humwita Tata kama tunavyowaita dada wote wa mama, hakuolewa na hakuzaa. Alikuwa na chumba Kawangware na cherehani, akawa wa Kawangware. Miaka ikaenda. Baba, Mungu amrehemu, alipostaafu mapema tukahamia Satellite, mimi nikiwa bado mgongoni. Tata naye wateja wakamwongezekea, akapanga nyumba Woodley, na huko yuko mpaka leo. Kwa hiyo wa Woodley aliishi Satellite, na wa Kawangware aliishi Woodley, na hakuna aliyepotea njia, kwa sababu sote tulijua. Shida ya kujua kitu nyinyi wote ni kwamba hakuna anayekumbuka kukisema.

Mimi pia nina jina la mahali. Naitwa wa kwa Mama. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia ndani kupumzika kidogo, na bado napumzika. Nafuma sweta za shule kwa mashine iliyo barazani, na kutoka barazani mpaka kitandani ni safari ambayo naifahamu vizuri. Jamaa wakitaka kujua kama kuna mtu nyumbani hawaulizi.

Mama alikufa asubuhi, katika hospitali moja kubwa upande wa Upper Hill. Nilikuwa nimempelekea uji kwenye chupa ya chai. Muuguzi aliniambia niketi, nikaketi, akaniambia alichoniambia, na jambo nililolifikiria ni kwamba uji bado ni moto na sijui nani ataunywa. Nilibaki pale nikiishika ile chupa. Kisha nikatembea nayo hadi ofisini kwa kaka yangu mkubwa, ambaye anafanya kazi ghorofa ya juu katika mojawapo ya yale majengo ya vioo. Nilipomwambia, alisimama dirishani akanywa uji wote bila kuuliza ulikuwa wa nani.

Yeye ndiye aliyeandika tangazo la kifo kwenye kikundi cha ukoo cha simu. Aliandika majina yote matatu, na mwishoni, ili watu wasichanganye, akaongeza: wa Woodley.

Jioni ile vijana kadhaa wa ukoo wakabeba mikate, sukari na majani ya chai, wakaenda kuomboleza Woodley. Tata akawafungulia mlango.

"Yule wa mbele aliniangalia mimi," alituambia baadaye, "akaangalia mkate, akaniangalia tena."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Si walikuwa wamekuja na sukari? Nikawapikia chai."

Akanyoosha leso juu ya magoti.

"Nikawaambia, kama si mimi basi ni yeye. Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Ndivyo nilivyopata habari."

Alisimulia hivyo mbele ya watu na watu wakacheka, hata mimi. Ilikuwa ni ile wiki ambayo unacheka na unaweza kusikia kicheko chako kikitoka, kama redio ya jirani.

Sasa, kaka yangu amekuwa akiandika historia ya familia yetu. Watoto wake wakubwa wanamuuliza maswali ya ukoo kwa Kiingereza, naye anaona aibu kujibu kwa kukisia. Ameitengeneza kama jedwali kwenye kompyuta, na kwa vile ukoo wote ungekuwa mazishini, aliamua ichapishwe kwenye kurasa za mwisho za programu ya mazishi, kile kijitabu cha ibada, nyuma ya wasifu wa Mama. Alikuwa na kanuni moja aliyoishikilia kama askari wa getini: kila mahali pawe na jina moja tu, lile linalotumika leo, tangu mwanzo hadi mwisho.

Na sikatai, alikuwa na sababu. Shamba moja la Babu mjomba mmoja aliliita Dagoretti, mwingine Riruta, wa tatu ng'ambo ya mto, na Mama alipoulizwa akiwa bado mzima alisema "kule." Kaka, kwa kuwa Dagoretti ziko mbili, akamuuliza, kule Dagoretti ya Corner ama ya Market? Mama akamwambia, "Kule ulikoangukia kwenye shimo la ndizi." Mtu wa kompyuta hawezi kuandika hivyo. Akaandika Riruta, kote, akasonga mbele. Kwa kila mtu akaweka pia mahali pa kumtambulisha. Wanawake akawaandika kwa majina ya kuzaliwa, ili waonekane chini ya baba zao. Hilo ni jambo jema, na kwa familia nyingine yoyote lingeleta mwanga.

Kamati ya mazishi ilikuwa ikikutana kwetu Satellite kila jioni, kwenye viti vya kanisa. Siku moja kaka alileta nakala ya programu, ikazungushwa. Ilipomfikia Tata alivaa miwani, akapita kwa kidole mstari kwa mstari. Tulikuwa tumefika kwenye hoja ya mahema alipouliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Na mimi niko wapi?"

"Uko hapo juu, Tata," kaka akasema. "Binti wa kwanza wa Babu, Woodley."

"Huyo ni marehemu."

Kaka akachukua karatasi akaisoma. Niliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Kwani una haraka gani ya kuingia humo?" mjomba aliyekuwa mwenyekiti wa kamati akamtania. "Ngoja zamu yako."

"Sina haraka. Nataka tu kujua kama nilizaliwa."

Kaka akaeleza. Alikuwa ameandika Woodley kwa Mama kwa sababu ndivyo jamaa wanavyosema, na Woodley kwa Tata kwa sababu ndiko anakoishi. Jina moja, baba mmoja, mahali pamoja. Kompyuta ikakuta mistari miwili inayofanana, ikamuuliza kama aondoe mmoja.

"Na wewe ukasema niuawe."

"Hapana, Tata. Nilisema nyinyi ni mtu mmoja."

"Hata sisi tulijaribu hilo," Tata akasema. "Tukashindwa."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mkono wa kiti.

"Nyinyi mkifa mna watoto wa kuuliza," akamwambia kaka. "Binti yako wa kwanza ana jina letu, lakini ameitiwa mama yako, hakuitiwa mimi. Hakuna wa kuitiwa mimi. Nikitoka hapa, nani atajua tulikuwa wawili?"

Mjomba akarudi kwenye mahema. Kaka, ambaye ofisini kwake ana watu wa kuwaagiza, akaniangalia mimi.

"Wewe si huwa uko nyumbani," akasema. "Kaa na Tata kesho mrekebishe, mnitumie. Nitakuwa mjini kwa wachapaji."

Tata akalala kwetu, kitandani kwa Mama. Asubuhi tulikaa barazani, kompyuta ya kaka juu ya meza ya mashine yangu, nyuzi za rangi ya samawati zikiwa zimening'inia kando kwa sababu tangu Mama afe sikuwa nimefuma hata mkono mmoja wa sweta. Nilimpigia kaka nikamwambia kanuni yake inahitaji kulegezwa. Tuandike jina la mahali kama lilivyoitwa na aliyeishi hapo, na kando yake lini, na baada yake linavyoitwa leo. Kisha mtaa kwanza, halafu sehemu kubwa, halafu Nairobi, kwa kila mtu, bila kuruka.

"Kila mtu?" akauliza.

"Kila mtu. Hata wewe."

"Sawa. Bora ifanane kutoka juu mpaka chini."

Tukaanza. Tulipofika kwa Babu nilimuuliza Tata shamba lile wao waliliitaje walipokuwa wadogo.

"Nyumbani."

"Siwezi kuandika nyumbani, Tata."

"Kwa nini? Kila mtu alijua."

Baadaye alikubali Riruta, kwa masharti, na sharti lilikuwa niandike pia upande wa mto. Nikaandika. Tulikwenda hivyo polepole, watu waliokufa kabla sijazaliwa wakihamahama mbele ya macho yangu kutoka mtaa hadi mtaa, na mimi nikiandika koma kati ya mtaa na sehemu kubwa. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu asiyehisi kitu. Koma haikuulizi unaendeleaje.

Tulipofika kwake, akaweka mkono juu ya mkono wangu.

"Hiyo Kawangware toa."

"Lakini uliishi huko."

"Niliishi. Iache huko niliishi. Lakini hapa unapoandika jamaa wananiitaje, toa." Alivua miwani. "Nimekaa Woodley mpaka mti nilioupanda umezeeka ukakatwa. Bado wananiita wa Kawangware, kama nilitoroka huko jana. Sikumwambia kitu mama yako. Jina lilikuwa lake, alifika kwanza. Sasa ameondoka."

Kumbe alikuwa akilitaka miaka yote hiyo. Kila Krismasi alikaa kwenye kiti kile kile akisikia watoto wakitumwa, mpelekee chai yule wa Kawangware, akipokea kikombe, akisema asante. Nikafanya aliloomba. Katika safu yake nikaandika: wa Woodley. Na kwa sababu kaka angelalamika kama wawili wangefanana tena, katika safu ya Mama nikafuta, nikaandika: wa Satellite.

Niliyatazama maneno yale. Satellite ndiko nilikokuwa naye mimi. Ni hapa alipokuwa akianika nguo huku akinigombeza kupitia dirishani, na ni kwenye lango hili gari la mwisho lilipomchukua. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo, kwa hiyo jina lilikuwa langu kabisa, na nilitegemea kuhisi kitu. Sikuhisi. Ilikuwa kama kugusa mdomo baada ya kudungwa sindano ya kung'oa jino. Unajua ni wako, basi.

"Nisomee," Tata akasema.

Nikamsomea wake kwanza. Akatikisa kichwa kukubali, na nikaona alivyolipokea lile jina, mdomo umefungwa, kama mtu anayeonja chakula cha harusi ya wenyewe. Kisha nikasoma wa Mama: majina matatu, binti wa kwanza wa mke wa kwanza, wa Satellite.

"Huyo ni nani?"

"Ni Mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Tata akatazama nje, kwenye kamba ya nguo, ambapo hapakuwa na nguo.

"Mimi simjui huyo," akasema.

Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akiburuta ndoo.

"Rudisha."

"Na wewe, nikuandike wa Kawangware?"

Nilidhani atasema ndiyo, kwa vile amezoea, na nilikuwa tayari nimeweka kidole.

"Hapana," akasema. "Niweke na mimi hapo hapo. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja kwa nyanya, tunavutana blanketi usiku kucha. Woodley ni kubwa kuliko ile blanketi."

Nikawaweka wote wawili Woodley. Kwa Mama nikaandika miaka aliyoishi huko na kwamba baadaye alikuwa Satellite, Riruta. Kwa Tata nikaandika kwamba kabla ya hapo alikuwa Kawangware, na kwamba yuko Woodley hadi sasa. Kila mmoja nikamwandikia jina la mama yake aliyemzaa, ambalo kaka alikuwa amelisahau kwa wote wawili. Mtu yeyote akisoma mstari mpaka mwisho ataona ni watu wawili. Tata alinifanya nimsomee mpaka mwisho, mara mbili, kisha tukamtumia kaka.

Alipiga simu mchana akiwa River Road. Nyuma yake mashine za kuchapa zilikuwa zikipiga kelele, naye akipaza sauti kuzishinda.

"Huyu jamaa wa hapa anasema kuna mtu ameandikwa mara mbili," akasema. "Anauliza kama atoe mmoja."

"Anasema nini?" Tata akaniuliza, shingo ameinyoosha.

"Anauliza kama nyinyi ni wawili."

Tata aliniangalia, akingoja kuona nitasema nini.

"Ni wawili," nikamwambia kaka. "Waacheni wote."

"Una uhakika? Hii ikishachapwa imechapwa."

"Mmoja wao yuko hapa," nikasema. "Anataka nakala yake."