Sahihisho Nililomcheleweshea Mwalimu wa Kemia

Wasomaji wangu, mwalimu mmoja wa kemia wa hapa Malindi ametutoka wiki iliyopita, na tangu nipate habari moyo wangu hautulii. Nina deni naye la maneno. Si zamani niliandika hapa kuhusu mawingu ya gesi yaliyo baina ya nyota. Mimi mtoto wa Marereni, nikayafananisha na mabwawa yetu ya chumvi: maji yakiachwa kimya chumvi hushika vizuri, na ole wake atakayetia mguu kuyavuruga. Nikatangaza kuwa huko juu nako kemikali huzaliwa na utulivu. Nilijiona fundi kweli.

Kesho yake mwalimu alinijia ofisini, gazeti kwapani. Hata kiti alikikataa.

"Bwana wee, umeniharibia wanafunzi! Makala yako ndiyo wanayoitumia kujiandaa kwa maonyesho ya sayansi Kilifi. Gesi ile haitulii asilani. Huvurugika ikabanana, na palipobanana hupata joto la ghafla. Joto hilo ndilo linaloshikanisha kaboni na haidrojeni. Kwa baridi ya kule zingepitana tu. Vurugu hiyo hiyo huzisukuma molekuli nyengine hadi ukingoni mwa wingu, mwanga wa nyota ukazivunja. Mimi kesho nalazwa, darasani sijui nitarudi lini. Sahihisha, tafadhali. Wanakusoma kila wiki."

"Wiki ijayo, mwalimu wangu, inshallah."

Wiki hiyo ilipofika nikaandika siasa, iliyofuata nikaandika barabara. Ukweli ni kwamba niliona haya. Ndivyo tulivyo wenye kalamu, na wenye vyeo wametuzidi: kosa tunalitoa kifua mbele, sahihisho tunalipiga danadana tukitumai watu watasahau. Nani kati yetu hana moja aliloliweka kiporo?

Mazishini nilijibanza nyuma, nikiogopa kila sare ya shule niliyoiona. Mwishowe nikajikaza, nikamwita binti mmoja pembeni.

"Shikamoo," akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ile makala yangu ya mawingu ina kosa. Msiende nayo Kilifi."

Aliinamisha kichwa. "Tulishakwenda. Majaji walitutoa mashindanoni hapo hapo kwenye hoja ya utulivu. Mwalimu alipouliza tulimwambia tumeshinda, maana alikuwa mahututi."

Leo nimeandika aliyoniomba, neno kwa neno. Anayekosea hadharani asahihishe wakati bado yupo wa kufaidika. Langu limekuja baada ya watoto kulazimika kumdanganya mwalimu wao ili afe ametulia.